Msituni Tulikuwa Tunakohoa

Ukisikia watu wanakohoa ndani ya msitu wa Kakamega wakati wa masika, usiwahurumie wala usiwakimbilie na dawa. Hawaumwi. Wamepata uyoga. Hiyo ilikuwa sheria ya Kukhu, na miaka yote niliyofanya kazi Isecheno sikuona mtu aliyethubutu kuivunja mbele yake: uyoga hautajwi ukiwa bado ardhini. Ukipiga kelele "Nimeuona!", ule uliobaki chini unasikia, unarudi ndani, na nyumbani mnakula obusuma, yaani ugali, kwa chumvi. Kwa hiyo mtu akiuona anakohoa. Mara moja tu, kikavu, kama mkwe aliyefika uani kwa watu.

Kukhu ni nyanya kwa Kiluhya. Hakuwa nyanya yangu, na kwa hakika hakuna aliyejua alikuwa nyanya ya nani hasa, maana alimgombeza kila mtu sawasawa. Mimi ni binti wa Mumias, nyumba ya Kiislamu, na miaka ya tisini nilikuwa karani wa kituo cha msitu cha Isecheno. Kazi yangu ilikuwa kuandika wageni kwenye daftari la langoni, kupiga chapa barua za mkuu wa kituo, na kuogopa mbwa. Kwetu mbwa hakugusi hivihivi. Pua yake mbichi ikikugusa unaosha mara saba, moja yake kwa udongo, na mama yangu alikuwa na jicho la kujua kama umeosha sita.

Basi siku yangu ya kwanza kazini mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja mrefu, mguu mmoja kavaa buti jeusi la mvua, mwingine la kijani, na nyuma yake mbwa wawili kwenye kamba za mkonge. Nilijikuta juu ya kiti.

"Wewe mtoto wa nani, unapanda kiti ya serikali?" akaniuliza.

"Wa Mumias," nikasema.

Akanitazama, akatazama mtandio wangu, akaelewa. Akawageukia mbwa, mmoja mmoja kwa jina lake. "Watasema, rudi nyuma. Nyamaza, na wewe. Huyu ni Mwislamu, mtamumalizia maji."

Tangu siku hiyo tukitembea pamoja alinitembeza mkono wake wa kulia, mbwa mkono wa kushoto, na yeye katikati kama ukuta. Hakuwahi kusahau. Kuna siku alivuka kijito kwenye gogo linaloteleza, kamba mbili mkononi na kikapu kichwani, na bado akageuka katikati ya gogo kuhakikisha mimi niko upande wangu. Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Kalani, kwa ile l yake isiyobembelezeka, na salamu yake kwangu ilikuwa "Salaam aleko," aliyoisema kwa fahari ya mtu aliyesoma Unguja.

Majina ya mbwa wake yanahitaji maelezo. Mbwa wa msituni huku ni mambo ya wanaume. Mumewe alipofariki, wazee wa boma walitarajia mbwa wagawiwe pamoja na jembe na koti. Kukhu akawaambia mbwa hawagawiwi, na mbwa wa kwanza aliyezaliwa baada ya hapo akamwita Watasema. Na kweli walisema. Walisema mama gani huyu anazurura msituni na mbwa, walisema ana dawa, walisema mengi. Basi wa pili akamwita Nyamaza. Alasiri akiwaita kutoka shambani, "Watasema! Nyamaza!", kila boma lilipata ujumbe wake bila mtu kugombana na mtu.

Watasema alikuwa dume, rangi ya ugali wa mtama, sikio moja limesimama na lingine limekata tamaa. Nyamaza alikuwa jike jeusi, mwembamba, mwenye kiburi. Hawakuwinda paa wala sungura. Walitafuta uyoga, ule mkubwa mweupe unaotoka kwenye vichuguu vya mchwa, ambao Waluhya wanauita obwoba. Uyoga huo ukishatoka juu, kila mtu ana macho: wanakijiji wanauona, nyani wanauona, na saa moja baadaye umekwisha. Mbwa wa Kukhu walikuwa wanaunusa ukiwa bado chini, kichwa chake kidogo kama kifungo cha shati, siku moja kabla ya wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake yote, na haikuwa siri, maana alimweleza kila aliyeuliza na hakuna aliyekuwa na subira ya kuifanya.

Aliwafundisha tangu wakiwa watoto wa kunyonya. Aliwapaka pua udongo wa kichuguu, akawalisha obusuma uliochovywa kwenye mchuzi wa uyoga, kisha akawa anafukia vipande kwenye shamba la viazi, leo hapa, kesho pale. Mbwa akifukua kwa kucha, anakosa. Mbwa akiketi na kumtazama usoni, anapata. Mbwa akiketi yeye anakohoa, ndipo anachimba, tena kwa kijiti cha mti. Chuma hakikukaribia kichuguu. "Chuma inafunganga mlango," alisema. Na uyoga wa kwanza anauacha palepale, ni wa wenye nyumba, yaani mchwa. Nilimuuliza mchwa watamfanya nini akiuchukua. Akaniuliza mimi, mtu akija kwako akala mpaka sahani yako, wewe utamfanya nini.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: asiyetafuta hali, uyoga hauonji. Aliisema kwa mbwa, akaisema kwa binadamu. Nyamaza akiwa na siku ya uvivu, jioni anapata obusuma mkavu na hakuna wa kumbembeleza. Wanakwaya wa kanisa lake waliomtembelea bila kuinama msituni walipewa chai na habari njema. Na mimi? Mimi nilimfuata masika matatu kila nilipokuwa na mapumziko, nikibeba kikapu, na mbwa wakianza kunusa nikibaki nyuma kabisa, hivyo kila kichuguu nilikifikia wenzangu wameshakohoa. Jioni akipakua, mimi alinitilia mchuzi.

"Kukhu, nimebeba kikapu siku nzima!"

"Kikapu hata mti inaweza kubeba. Ulikohoa?"

"Sikukohoa."

"Basi kunywa mchuzi, Kalani. Iko tamu."

Ilikuwa kweli ni tamu, na hapo ndipo hasira yangu ilipozidi. Wazungu walikuja jana, hawajui hata kusalimu kwa mulembe, wanakohoa mara moja na kupewa sahani iliyojaa, uyoga umepikwa kwa karanga na munyu wa majivu, na mimi naangalia. Nilikuwa nalala na hasira ya tumbo.

Usidhani alikuwa mtu wa moja kwa moja. Mama huyu aliyetembea msituni penye nyoka bila kutazama chini aliogopa vyura. Chura mdogo kama kidole akiruka mbele yake, alikuwa anashika mkono wangu na kutaja jina la Bwana mpaka aondoke. Alisema hapendi picha, picha inamaliza mtu, lakini mfukoni mwa gauni alikuwa na kichana, na mgeni akitoa kamera tu, kichana nacho kinatoka. Alisema hajui Kizungu, na mkuu wa kituo akimsema kwa Kizungu, jibu lilikuja kabla hajamaliza.

Kanisani alikwenda na mbwa. Waliachwa nje, mlangoni. Sasa ubaya ni kwamba mbwa wale baada ya miaka walikuwa wamejifunza mambo kinyumenyume. Mwanzo wao walikuwa wanaketi na mtu anakohoa. Baadaye mtu akikohoa, wao wanaketi. Jumapili ya baridi, wazee wenye vifua wakianza, walinisimulia kwamba Watasema alikuwa anaketi na kusimama mlangoni mpaka mchungaji akapoteza mstari. Kukhu alishauriwa awaache nyumbani. Akashauri wazee wanywe tangawizi.

Hao wazungu niliowataja waliletwa na mmoja wao. Alikuwa mtafiti wa mambo ya kuvu, mpole, ndevu nyekundu, alikuja kituoni na kachupa. Ndani ya kachupa mlikuwa na kitu cheusi, cha mviringo, chenye vipele. Akatueleza kwamba kwao ni uyoga unaokaa chini ya ardhi maisha yake yote, hautoki juu kabisa, na watu wanautafuta na mbwa waliofunzwa, na ni chakula cha matajiri. Alisikia habari za Kukhu na alitaka kujua kama msitu wetu unao.

Kukhu akafungua kachupa, akanusa. "Hii imeoza."

Mgeni akasema ndivyo unavyonuka.

"Na mnakulanga?"

"Tunakula sana, mama."

Akaninong'onezea, "Maskini. Kwao hakuna kuku?" Lakini alikuwa mtu wa kazi, na mgeni alikuwa ameomba kwa heshima. Akawanusisha mbwa kile kitu, Nyamaza akapiga chafya, tukaenda.

Tulitembea siku tatu. Mgeni alikohoa vizuri sana, namsifu. Siku ya tatu, chini ya mkuyu, Nyamaza akaketi mahali pasipo na kichuguu. Mgeni akapiga magoti. Akachimba kwa vidole, taratibu, akatoa kitu cha mviringo, cheusi, kikubwa kuliko cha kwenye kachupa. Akakohoa mpaka machozi. Akakileta puani akavuta pumzi ndefu. Kilikuwa mavi ya ng'ombe, tonge la dundu, yule mdudu anayeviringisha samadi na kuifukia kwa ajili ya watoto wake. Kukhu alikuwa amekijua tangu kilipotoka ardhini. Alimwacha anuse kwanza.

Tulicheka tukakaa chini. Mgeni ndiye aliyecheka kutuzidi, ndevu zimejaa udongo. Usiku huohuo nadhani aliandikia rafiki zake wote, kwa sababu tangu hapo wageni walikuwa wanafika langoni kwangu na kikaratasi kinachouliza mama mwenye mbwa yuko wapi. Mimi nikawa naandika daftarini: kutembezwa msituni, na mbwa.

Hilo neno "na mbwa" ndilo lililoleta kesi.

Mkuu mpya wa kituo alipofika alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniita. Sheria ilikuwa wazi: mbwa haingii msitu wa serikali. Sikumlaumu, kwa sababu wawindaji haramu walikuwa wanamaliza paa kwa mbwa, na yeye hakujua tofauti ya mbwa na mbwa. Alikuwa mtu wa haki lakini mkavu. Akasema atamwona Kukhu akifanya kazi kwa macho yake. Mbwa akitafuta uyoga kweli, ataandika barua ya ruhusa. Kama ni mchezo wa kufurahisha wageni, mbwa abaki nyumbani.

Nilifurahi, nikajua hapa hakuna shaka. Nikakimbia kumwambia. Kukhu alikuwa anapepeta maharage uani. Nyamaza alikuwa amekufa mwaka uliopita, kwa uzee wake wa heshima, na Watasema alikuwa amelala juani. Niliposema neno "mtihani", Kukhu aliacha kupepeta.

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Si afadhali? Atamwona Watasema tu, amalize."

Akaendelea kupepeta, polepole mno.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, mbega wanakoroma juu, mkuu na daftari lake, mimi upande wangu wa kulia. Watasema alitangulia, shingo imenyooka, mkia juu, kama ofisa. Tukapita karibu na kichuguu ninachokijua, cha mvule ulioanguka. Akapita. Nikadhani hakuna kitu. Nilipotupa jicho nikaona mpasuko mdogo kwenye udongo na weupe ndani yake. Watasema hakuwa na pua tena. Alikuwa ananusa kwa mazoea, kichwa chini, kwa bidii yote, na hakuna kilichokuwa kinaingia.

Mkuu akaangalia saa. Tukafika kichuguu cha pili. Watasema alikuwa anapita, tena anapita kwa mwendo mzuri kabisa, Kukhu akakohoa. Mara moja tu, kikavu.

Watasema akaketi.

Kukhu akainama, akachimba kwa kijiti, uyoga huo, vichwa saba. Wa kwanza akauacha. Mkuu akachuchumaa kuangalia, na nikaona koo lake linameza mate. Mambo yalikwenda haraka sana kwa mtu asiyejua sheria za pale. Hakuona kipi kilitangulia. Mimi niliona.

"Karani," akasema, "wewe umewazoea. Ni mbwa ameuona?"

Sijawahi kusema uongo kazini. Kukhu alikuwa ananitazama bila kuomba chochote.

"Mbwa ameketi, bwana mkuu," nikasema. "Na uyoga huo hapo."

"Andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Barua ikapigwa chapa siku hiyohiyo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipiga: mama mmoja, mbwa mmoja, kwa kamba, kwa kazi ya uyoga.

Nilipompelekea nilimuuliza, "Tangu lini, Kukhu?"

"Tangu Nyamaza alienda."

"Na wewe unajua vichuguu vyote. Si uende peke yako? Barua ya nini?" Kisha nikakumbuka mchuzi wangu wote wa masika matatu, nikapata uchungu. "Na asiyetafuta hali? Mbona Watasema anakula?"

Akamkuna mbwa lile sikio lililosimama.

"Yeye hajui kama hatafuti," akasema. "Asubuhi anasimamanga mlangoni na kamba kwa mdomo. Siku moja nilimuacha. Alilala siku mbili, hakukula. Kama uko na maneno ya kumwambia kazi imeisha, Kalani, mwambie wewe. Mimi sina." Akakunja barua, akaiweka kifuani. "Siku tutarudi bila kitu, hapo atajua mwenyewe. Kamba itakaa ukutani, na sisi wawili tutakaa chini yake."

Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, nikamsaidia kupepeta maharage yaliyobaki.

Mwaka uliofuata niliolewa Matungu nikaacha kazi. Nilirudi Isecheno masika mengine baadaye, na sukari na majani ya chai kwenye mfuko. Nilimkuta mlangoni, ameshika kamba, Watasema mbele yake. Alikuwa mbwa wa mifupa na heshima. Kukhu aligeuka kusikia hatua zangu na nikaona macho yake yameingia ukungu, yote mawili.

"Hodi, Kukhu."

"Salaam aleko, Kalani," akasema, kabla sijamaliza. "Umenenepa. Nasikia kwa miguu. Twende, tulikuwa tunatoka."

Twende wapi, mama haoni na mbwa hanusi? Lakini barua ilikuwa kifuani, ndani ya karatasi ya nailoni, na wao wawili walikuwa wameshaanza safari. Nikachukua kikapu.

Tukapita kichuguu cha mvule ulioanguka. Uyoga ulikuwa umetoka nje kabisa, mweupe, mwingi, umefunguka kama sahani. Mbwa akapita. Kukhu akapita, kijiti chake kinagusa njia. Nikapita nami, kikapu mkononi. Tukapita cha pili. Hivyohivyo.

"Leo msitu imenyamaza," Kukhu akasema. Mwendo wake ulikuwa umepungua. "Hata juzi ilinyamaza kidogo."

Baadaye kidogo akasema, "Tukifika kwa mkuyu tutarudi."

Nikajua. Wakirudi mikono mitupu, kamba ile itakwenda ukutani leo, na mimi nitakuwa nimesimama hapo na kikapu, nikiona kila kitu, kama mti unaobeba. Mkuyu ukatokea. Chini yake, kichuguu, na kwenye kichuguu weupe.

Nikakohoa.

Hakikuwa kikohozi kizuri. Kilitoka kikubwa, cha mtu aliyepaliwa. Lakini Watasema alisimama papo hapo, sikio moja juu, akaketi barabara kabisa, akamgeuzia Kukhu uso.

Kukhu alihisi kamba imelegea. Akapiga magoti, akapapasa, vidole vikagota kwenye uyoga mmoja, wa pili, wa tatu. "Ehe!" akasema. "Ehe, Watasema! Bado uko!" Alicheka kama msichana, akachimba kwa kijiti, wa kwanza akauacha. Nami nikawakumbusha ule wa njiani kwa kukohoa tena, mara mbili, tukiwa tunarudi, na kikapu kikajaa.

Karibu na lango la kituo akasimama.

"Kalani, hiyo kifua yako imeanza lini?"

"Leo, Kukhu."

"Pole sana," akasema. "Isipone haraka."

Hapo ndipo Watasema aliponijia upande wa kulia. Mara zote Kukhu alikuwa ukuta wetu, na safari hii ukuta haukuona. Akaleta pua yake, mbichi, baridi, akaiweka ndani ya kiganja changu, kama alivyokuwa anafanya kwa wanaomsifu. Nikauacha mkono palepale mpaka alipomaliza.

Nyumbani niliomba maji. Kukhu akamimina kutoka kwenye birika na mimi nikaosha, udongo nikiuchukua kwenye mizizi ya uyoga, na yeye ndiye aliyehesabu, kwa sauti, mpaka saba. Hakuuliza kilichotokea. Kisha akapika, akapakua kwa kupapasa: bakuli la Watasema, sahani yake, na yangu. Nilisubiri mchuzi wangu. Akanisukumia sahani iliyojaa uyoga mpaka ukingoni, karanga zinateleza.

"Kula," akasema. "Leo umetafuta."

Nilikula nikilia kidogo, na kusema kweli uyoga ule ulikuwa na thamani ya masika yote matatu. Watasema alilamba bakuli lake, akainuka, akachukua kamba mdomoni akaenda kusimama mlangoni. Kukhu akaisikia inavyoburuta sakafuni, akaniuliza kama kesho nina haraka ya kurudi Matungu. Nikasema sina.